Bi Orodha na Nafasi ya Saba

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne kwenye dawati la vimbunga, Bi Orodha anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29. Msimu wa vimbunga unafunguliwa Jumatatu, tarehe mosi. Watu wa utumishi wanasema ni kalenda tu imeangukia hivyo. Sisi tuliokaa naye tunaamini alipanga, kwa sababu hajawahi kuacha meza chafu, na msimu ukishaanza meza yake huwa haionekani kwa makaratasi.

Nimeombwa niandike mimi, mchora ramani wa zamu, kwa kuwa nimekaa meza inayotazamana na yake kwa miaka kumi na minne na bado ananisalimia. Jina lake halisi silitaji humu. Si utovu wa adabu, na anayesoma hadi mwisho ataelewa.

Alianza kazi akiwa karani wa kupokea vipimo kwa redio. Meli zilikuwa zikituma kasi ya upepo na kimo cha mawimbi, yeye anaandika kwenye daftari, redio inakwaruza, na mwandiko wake haukutetereka hata siku moja. Mkuu wa wakati ule akaona mwandiko huo unapotea bure, akamkabidhi orodha ya majina ya vimbunga. Hakuiachia tena mpaka wiki hii, na ndipo lilipotoka jina tunalomwita.

Kwa familia zitakazosoma jarida hili, nieleze kidogo. Bahari yetu ina orodha sita za majina, zilizochangiwa na ofisi jirani na yetu na kupangwa kwa herufi. Kila mwaka hutumika orodha moja, na upepo wa kwanza kupata nguvu za kuitwa dhoruba huchukua jina la kwanza. Jina lililopita bila madhara makubwa hurudi baada ya miaka sita. Lililoua watu na kubomoa miji hufutwa, halirudi tena. Majina yapo kwa sababu nyepesi: hakuna mtu anayekimbia nyuzi za latitudo, lakini akiambiwa fulani anakuja, anauliza saa ngapi.

Mwaka wake wa sita kazini, Bi Orodha alikuwa bibi harusi mpya na alitaka kumfurahisha mama mkwe wake, fundi cherehani wa sare za shule. Zamu ya kuchangia jina ilikuwa yetu. Akaliweka jina la mama mkwe kwenye orodha, akamtangazia kama zawadi. Mama mkwe alifurahi mno, akawasimulia wateja wote, na kwa miezi kadhaa hakuna mtoto aliyepimwa sare bila kuelezwa habari za hali ya hewa.

Hapo Bi Orodha alikuwa amejipalia makaa. Kimbunga chenye jina hilo kilizaliwa mbali, na ofisi nzima ikakubaliana kwamba kitapotelea baharini. Jumatano asubuhi kikageuka. Tahadhari ilibidi isomwe kwa simu kwenye kituo cha redio kila baada ya saa tatu, na msomaji wa zamu alikuwa yeye. Tatizo ni kwamba tangu aolewe hajawahi kumwita mama mkwe kwa jina. Ulimi ukagoma. Wazee wa ofisi wanasimulia kwamba tahadhari ya kwanza ilisema Mama Mkwe anaelekea pwani kwa kasi na wananchi wachukue hatua, na mtangazaji akaisoma hewani kama ilivyo. Marekebisho yalifuata baada ya dakika nne.

Tumeicheka hadithi hiyo miaka mingi, naye huwa wa kwanza kucheka. Lakini ina nusu ya pili. Katika mtaa wa mama mkwe watu waliondoka mapema, kwa kuwa walimjua mwenye jina: akisema anakuja, anakuja, na hukukuta hujajiandaa. Walipanda shule ya mlimani kabla ya saa nane mchana. Paa la chumba cha cherehani lilikutwa limelalia goli la uwanja wa shule, ila mtaani pale hakupotea mtu. Kusini zaidi walikufa kumi na mmoja. Jina likafutwa.

Mama mkwe hakukanyaga nyumbani kwa mwanawe mwaka mzima. Ndugu walidhani ni hasira ya mabati. Alipokuja hatimaye, alimwambia mkwewe kwamba paa ni paa, linaezekwa. Kilichomuuma ni kukaa mbele ya redio na kusikia jina alilopewa na bibi yake likitajwa pamoja na hesabu ya maiti.

Tangu siku hiyo Bi Orodha akaanzisha utaratibu ambao haumo katika mwongozo wowote. Kabla jina halijapelekwa na ofisi yetu, alimtafuta mtu mmoja hai mwenye jina hilo, akaenda kwake na fomu aliyoitunga mwenyewe. Fomu ina maswali mawili. Je, unakubali? Na je, unajua kwamba likileta maafa, watu watalitaja kwa machozi? Wakuu watatu walimwambia anapoteza muda. Aliwapa chai, akaendelea.

Kwa fomu hiyo amezunguka sana. Kinyozi mmoja alikubali papo hapo, akaleta na picha yake ili itumike. Dereva wa lori alikataa, akisema mkewe tayari anamwita dhoruba na hataki iwe rasmi. Muuguzi mmoja alitaka kuandikisha jina la wifi yake badala ya lake, akarudishwa kwa upole. Kila aliyekubali alipigiwa simu msimu ulipokaribia, na jina lake lilipopita salama alipigiwa tena. Kinyozi bado anasubiri zamu yake kwa hamu kubwa.

Mengine aliyoyafanya ni mengi na sitayamaliza. Ndiye aliyepigania tahadhari zetu ziseme ondokeni kabla ya saa fulani mwende mahali fulani, badala ya kumwagia watu vipimo vya mgandamizo wa hewa. Amefundisha watabiri kumi na wawili, na wote wanamwogopa hadi leo, akiwemo mkurugenzi wetu wa sasa. Pia ndiye mtabiri pekee ninayemjua aliyetangaza mvua ya mchana asubuhi, kisha akarudi nyumbani jioni na kukuta nguo alizoanika mwenyewe zimelowa chapachapa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita ofisi jirani iliondoa jina moja ililochangia katika orodha ya mwaka huu, na nafasi hiyo, ya saba, ikaangukia kwetu kujaza. Herufi iliyotakiwa ndiyo herufi ya kwanza ya jina halisi la Bi Orodha. Dawati zima tulitazamana.

Kwa utaratibu wake mwenyewe, tulipaswa kumwomba. Jumatatu tukamwekea fomu yake mezani, ikiwa imejazwa jina lake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: mama aliyeuliza watu miaka ishirini na saba bila kupepesa aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba na kuondoka bila kuaga. Jumanne hakuitaja. Jumatano hakuitaja, na mimi sikulala vizuri, nikihisi tumemtonesha kidonda katika wiki ya kumpongeza. Mwisho wa kupeleka jina ulikuwa jana, Alhamisi, saa kumi.

Baadaye tulijua alikokwenda na fomu ile. Aliipeleka kwa mama mkwe, ambaye sasa ana miaka themanini na sita na anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Walizungumza jioni mbili. Walichosemezana ni chao.

Jana asubuhi fomu ilikuwa mezani kwangu. Swali la kwanza, amejibu anakubali. La pili, anajua. Chini, kwa mwandiko uleule usiotetereka, ameongeza mstari mmoja: Hakikisheni linarudi.

Jina limekwenda. Sheria inakataza kulichapa kabla orodha haijatangazwa, ndiyo maana humu ameitwa Bi Orodha tu. Mwaka ukiwa mpole hatutafika nafasi ya saba. Tukifika, kila mtu wa dawati hili anajua kazi anayodaiwa: kuona mapema, kusema wazi, na kuwaondoa watu njiani hadi wa mwisho.

Bi Orodha, ahsante kwa yote, na ahsante zaidi kwa mstari ule mmoja. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na nguo kavu. Jina lako likipita salama, tutakupigia simu. Na baada ya miaka sita, likirudi, tutakupigia tena.