Henning Brodersen na Mkia wa Jogoo wa Hahnwede

Marehemu Henning Brodersen alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapahapa Tolkbek, mtoto wa pili wa mkulima wa kabichi Claus Brodersen na mkewe Anke. Mjane wake, Elsabe, amemwomba wifi yake Wiebke asome wasifu huu. Mheshimiwa Meya naye ameomba uwe mfupi na wa upole. Utakuwa mfupi.

Tolkbek haikuwa na shule, kwa hiyo Henning alisoma Hahnwede, ng'ambo ya mtaro. Alikaa dawati moja na Gernot Ketels, ambaye alinakili hesabu zake hadi darasa la mwisho, kisha akaenda kuwa mwalimu. Ndiyo elimu ya Hahnwede hiyo. Henning alimaliza mwaka 1956 akarudi shambani, akalima kabichi maisha yake yote. Sikukuu moja ya mavuno alipeleka kanisani kabichi ambayo mchungaji alishindwa kuinyanyua, wakaiacha madhabahuni hadi ikaanza kunuka.

Tarehe 14 Mei 1966 alimwoa Elsabe Lornsen, binti wa Hahnwede. Mama yake alikasirika.

"Huku kwetu umekosa mke?"

"Huku kwetu wote ni binamu zangu, Mama."

Mwaka 1974 serikali iliviunganisha vijiji hivi viwili kuwa manispaa moja, na manispaa ikataka nembo. Ngao iligawanywa katikati: nusu jogoo wa Hahnwede, kwa maana ya ushujaa, nusu kabichi ya Tolkbek, kwa maana ya bidii. Chini wakachora mawimbi ya buluu, eti mto. Mto gani? Ni mtaro huohuo ambao bata huuvuka kwa miguu! Na ushujaa wa Hahnwede mpaka leo haujaonwa na mtu.

Henning alikuwa mjumbe wa Tolkbek kwenye kamati. Ketels, wa Hahnwede, akamuuliza kwa sauti tamu, "Henning, ndugu yangu, kabichi yenu ikae upande gani?"

"Kulia! Upande wa heshima!"

"Umepata. Weka sahihi."

Henning akaweka. Mwalimu yule alijua fika kwamba kwenye nembo, kulia huhesabiwa kwa mtu aliyeshika ngao, si kwa anayeitazama. Kulia kwa Henning ndiko kushoto kwa ngao, upande wa mdogo. Na kwa kuwa mnyama wa nembo hutazama kulia kwa mshika ngao, jogoo akaipa kabichi mgongo, mkia juu. Siku bendera yenye nembo hiyo ilipopandishwa, baba mkwe wake alicheka hadi akaishika nguzo. "Mkwe wangu, jogoo wetu amewageuzia nini?"

Tangu hapo Henning hakutulia. Kila baraza jipya alilikabili akidai jogoo ageuzwe, na kila baraza lilimjibu kwamba kanuni ni kanuni. Mabwana hao walioshindwa kuzibua mtaro, kazi waliyoiweza ni kulinda makalio ya kuku. Familia haifichi kwamba Henning naye alizidi: hakula yai miaka mingi, na harusi ya binti yake ilibaki kidogo ivunjike kwa sababu ya chapa ya jogoo huyo kwenye barua ya manispaa. Hahnwede walimwita Mzee Kabichi. Elsabe, mtu wao, walimwita msaliti. Alikuwa anakwenda kununua mkate hukohuko, anawasikia, analipa, anarudi.

Septemba 2021 Henning alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, ulimi ukawa mzito, lakini neno moja alilisema mpaka likaeleweka: "Elsa, wasinifunike na lile kuku."

"Hawatakufunika."

"Niapie."

Akamwapia. Alifariki nyumbani tarehe 6 Novemba.

Juzi Meya Malte Ketels, mtoto wa mwalimu, alibisha hodi na bendera mpya mkononi: heshima ya manispaa kwa mjumbe wa zamani, ifunike jeneza. Elsabe aliipokea kwa adabu, akaitandaza mezani, akachukua mkasi wake wa kushonea.

"Mama Elsabe! Hiyo ni mali ya manispaa! Wewe mwenyewe ni mtu wa Hahnwede!"

"Nilikuwa," alisema, huku anakata katikati, mawimbi na yote. "Haya, mwanangu, chukua mali yako."

Ndiyo maana mnaona kabichi peke yake juu ya jeneza, na Mheshimiwa Meya amekaa mstari wa mbele na jogoo magotini.

Marehemu ameacha mjane, Elsabe; binti, Maren, na mkwe wake, Jörn; wajukuu wawili, Tjark na Beeke; na dada yake, Wiebke.

Pumzika kwa amani, Henning. Mkia haupo tena.