Imesitishwa na Nani?

KAVATA: Haloo, hapa ni ofisi ya kanisa. Ni nani mwenzangu?

MUTHEU: Ni mimi.

KAVATA: Mimi nani? Unakatika — ngoja nisogee dirishani. [mkwaruzo] Eeh, sema sasa. Nani huyo?

MUTHEU: Mutheu. Natumia simu ya mama, ya mwaitu. Yangu umekataa kushika tangu tutoke misa ya kwanza.

KAVATA: Aii, Mutheu! Si kukataa, ilikuwa kwa chaji. Habari ya —

MUTHEU: Usiniulize habari.

KAVATA: Umefika nyumbani?

MUTHEU: Nimefika. Nimeshuka na mwaitu kutoka hapo kanisani mpaka huku, na hakuna mtu ametusalimia kwa mkono. Watu wa kwetu, Kavata. Watu nimefundisha watoto wao.

KAVATA: Pole. Pole sana, rafiki yangu. Ndoa ya mtu kusimamishwa mbele ya —

MUTHEU: Lile tangazo uliandika wewe?

KAVATA: Si matangazo yote huandikwa hapa ofisini?

MUTHEU: Huandikwa na nani?

KAVATA: Kwani hujui?

MUTHEU: Sema.

KAVATA: Naandika mimi.

MUTHEU: Na nani alikufunza kuyaandika?

KAVATA: Ni wewe.

MUTHEU: Unakumbuka ulivyokuwa ukiandika? "Inaombwa unga uletwe." Watu wanatoka nje, hakuna anayejua nani ameombwa, na unga hauji. Nikawa natoka shule jioni nakuja kukaa na wewe hapo mezani kama mwanafunzi wangu. Nikakwambia nini?

KAVATA: Nianze na mtu. Halafu niseme anafanya nini.

MUTHEU: Na leo ulianza vizuri, bana! "Wamama wa jumuiya ya juu wataleta maharagwe. Makau atarekebisha tangi la maji." Nikamgusa mwaitu, nikamwambia, unasikia kazi ya Kavata? Nilikuwa najivunia. Halafu ikafika yangu. Nisomee.

KAVATA: Mutheu, misa ya pili inakaribia —

MUTHEU: Nisomee!

KAVATA: [karatasi inachakarika] "Ndoa iliyotarajiwa kati ya Henry Wathome na Mutheu Nzioka imesitishwa, baada ya taarifa kupokelewa."

MUTHEU: Imesitishwa na nani?

KAVATA: Imesitishwa tu. Ndivyo huandikwa.

MUTHEU: Na hiyo taarifa ilitembea kwa miguu yake, ikabisha hodi?

KAVATA: Niliipokea mimi.

MUTHEU: Kutoka kwa nani?

KAVATA: Hayo ni ya ofisi, Mutheu.

MUTHEU: Unajua watu wameweka nani pale ulipoacha wazi? Wameniweka mimi. Mama mmoja amemshika mwaitu langoni, akamwuliza kama ni kweli nina bwana huko Masinga. Mwingine anasema kuna mtoto nimeficha. Saa hii mwaitu amejitupa kitandani na viatu vyake vya kanisa, hata chai hataki.

KAVATA: Ngai! Sikujua wata—

MUTHEU: Nani alileta taarifa?

KAVATA: Unaniweka pabaya.

MUTHEU: Ungekuwa hujui, ungeniambia hujui. Mwanafunzi akinifichia mtenda kwa insha, huwa hamjui, ama anamjua sana.

KAVATA: Ni Henry.

[Mkwaruzo.]

KAVATA: Mutheu? Haloo? Unanisikia?

MUTHEU: Sema sentensi nzima.

KAVATA: Henry alikuja ofisini. Akasema hatakuoa.

MUTHEU: Lini?

KAVATA: Jumatano.

MUTHEU: Jumatano. Na Ijumaa ulikuwa na mimi kwa fundi. Ulinishikia kioo, Kavata. Ukasema mkono wa gauni ni mrefu kidogo.

KAVATA: Alikuwa ameahidi atakuambia mwenyewe! Aliniapia!

MUTHEU: Jana ameniandikia meseji ya kunitakia Jumapili njema. Hapo ofisini alisema ni kwa nini?

KAVATA: Alisema moyo wake haupo tena. Sikumchimba.

MUTHEU: Alisema kwa mdomo, ama aliandika?

KAVATA: Aliandika... lakini hiyo wachana nayo.

MUTHEU: Aliandika aje?

KAVATA: Mutheu —

MUTHEU: Aje?

KAVATA: "Mimi Henry Wathome sitamwoa Mutheu. Mutheu hana kosa."

MUTHEU: Hana kosa.

KAVATA: Nikaona ni kali kusomwa kanisani. Nikailainisha kidogo, ndio —

MUTHEU: Henry hajui hata koma inawekwa wapi. Amenidanganya kwa kila kitu, lakini hapo ameandika sentensi mbili safi. Na wewe, mtu niliyemfunza, ukazifuta.

KAVATA: Nilikuhurumia! Mtu kuachwa mbele ya watu wote —

MUTHEU: "Kuachwa." Hata sasa unamfunika. Ulinihurumia mimi, ama ulihurumia nani?

KAVATA: [Kengele kwa mbali.] Niliogopa baba yake. Mzee Wathome ndiye mwenyekiti wa kanisa, na ndiye alinipa hii kazi. Nikifikiria jina la kijana wake linasomwa, na yeye amekaa pale benchi ya mbele...

MUTHEU: Kwa hivyo yeye ndiye alikwambia uandike hivyo?

KAVATA: Hapana. Hakuniambia kitu. Nilijiamulia.

MUTHEU: Afadhali angekuwa amekutuma.

KAVATA: Usiseme hivyo.

MUTHEU: Nani anasoma matangazo misa ya pili?

KAVATA: Katekista Bartholomew. Anakuja kuchukua karatasi saa hii.

MUTHEU: Basi andika ingine.

KAVATA: Mutheu, nitafutwa kazi!

MUTHEU: Utafutwa na nani?

KAVATA: Mzee Wathome atanifuta.

MUTHEU: Eeh. Kumbe unaweza kumtaja mtu. Na mimi kesho asubuhi nitasimama mbele ya darasa, kila mtoto akiwa amesikia kwao nyumbani kwamba mwalimu ana bwana Masinga. Hiyo nitaibeba mpaka lini?

[Droo inafunguliwa.]

KAVATA: Nianze aje?

MUTHEU: Unajua vile huanza.

KAVATA: Ngoja, kalamu hii haitoi... Haya. "Henry Wathome ameiarifu ofisi kwamba hatamwoa Mutheu Nzioka. Mutheu hana kosa."

MUTHEU: Sawa.

KAVATA: Bado. Kuna ingine. "Kavata wa ofisi alijua tangu Jumatano na hakumwambia Mutheu. Yeye ndiye alificha jina la Henry misa ya kwanza."

MUTHEU: Hiyo sikukuomba.

KAVATA: Najua. Iko sawa?

MUTHEU: Hakuna neno la kusahihisha.

KAVATA: Kwa hivyo mimi na wewe —

MUTHEU: Nimeongea juu ya sentensi, Kavata. Sijasema kitu kingine.

KAVATA: Huyo Katekista anabisha. Usikate! — Ingia, karibu — Ameichukua. Anasoma... Anarudia kusoma... Ananiangalia. [sauti mbali na simu] Ndio, Katekista. Ni mimi nimeandika. Hapana, usimwonyeshe Mzee kwanza. Isome vile iko. [mkwaruzo] Mutheu? Ameenda nayo.

MUTHEU: Nimesikia.

KAVATA: Jioni nikija huko, utanifungulia?

MUTHEU: Usije leo.

KAVATA: Kesho?

MUTHEU: Nakata. Nataka kumpigia Henry, aniambie kwa mdomo wake.

KAVATA: Mutheu, mwambie mwaitu kwamba mimi —

MUTHEU: Utamwambia wewe. Kwaheri.

KAVATA: Haya, kwa— Mutheu? Haloo? Haloo?