Mshahara Usiokatwa

Tokea gari itoke Chake nilitaka kusinzia, lakini kiti cha mbele yangu hakikuniacha. Bi Mwanamize, mpishi wa skuli aliyestaafu juzijuzi, alikuwa amemkuta mhasibu wa skuli garini, naye si mtu wa kungojea ofisi ifunguliwe.

“Thuwein mwanangu, mbona mshahara wangu wa mwisho hukuukata mchango wa pensheni?”

“Nilikuonea imani, bibi, nilikuhurumia. Unaondoka, nikaona nikupe zote.”

Mwengine angeshukuru. Yeye alifungua pochi akamtilia noti za mchango ule mapajani. “Imani gani hii? Mwezi ule ndio uliokuwa unanitimizia miezi ya pensheni. Leo Mfuko wa pensheni wamenambia umepungua mwezi mmoja, sistahiki. Kata, upeleke!”

“Hesabu za mwezi zishafungwa.”

“Basi zifungue! Au mie nitakula imani yako mpaka nife?”

Thuwein akageukia dirishani, akaitazama mikarafuu kana kwamba haijui. Gari iliposimama Wete aliinuka haraka, na noti zikamwagika chini. Konda akaziokota.

“Pesa za nani hizi?”

“Zake,” walijibu wote wawili pamoja, kila mmoja akimnyooshea kidole mwenziwe.