Pakiti Alizoziweka Mzee Eliakimu Mutiso kwa Safari ya Nyumbani

Marehemu Eliakimu Mutiso alizaliwa Kangundo tarehe 9 Machi 1946, mtoto wa tatu wa msusi wa vikapu vya kiondo. Alisoma hadi darasa la saba. Karo ilipokosekana, alijifunza Kiingereza kwenye magazeti ya kufungia nyama.

Mwaka 1965 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo Thika. Kwa miaka thelathini na mitatu alikagua vitambaa kwa vidole, huku akivuta vumbi la pamba. Kiwanda kikafungwa, mashine zikauzwa kama chuma chakavu, na nchi ikavaa mitumba bila haya.

Alifunga ndoa na Felisia tarehe 14 Desemba 1968. Gauni la bibi harusi lilishonwa kwa kitambaa alichokikagua mwenyewe. Bado lipo.

Mwaka 2005 binti yake Mueni, mfanyabiashara, alimpeleka Guangzhou, China, amchagulie vitambaa katika soko la Zhongda. Wauzaji walimwogopa. Alikuwa akisugua kitambaa mara moja tu, kisha anasema, “Hiki kitachuja kabla ya Krismasi,” na kuondoka.

Mwaka 2008 aligunduliwa kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu. Aliishi huko huko Guangzhou, ghorofa ya nane, jengo halina lifti, na ngazi zikamshinda. Alitaka jambo moja tu: kurudi nyumbani Kenya kwa Felisia. Juni 2009, dunia ikihofia mafua ya nguruwe, wachukuzi wa sokoni walimshusha kwa kiti mara mbili. Mara zote mbili alikohoa mbele ya wakaguzi wa afya katika uwanja wa ndege, akarudishwa na kupandishwa ngazi zile zile.

Mnunuzi mmoja Mjapani akampa dawa ya asili ya kwao ya kikohozi: pakiti za unga wa mizizi, kunazi na mchele. Zulekha, mwanafunzi wa udaktari huko Guangzhou kutoka Mombasa, alimweleza kwamba haiponyi mapafu, ila huenda ikatuliza kikohozi akiinywa kila siku kabla ya kula.

“Mchele unatibu kifua?” aliuliza. “Kumbe miaka yote hii Felisia ni daktari.”

“Mzee wangu, usiiweke kama suti ya harusi. Kunywa.”

“Nitakunywa, binti yangu.”

Alifariki chumbani mwake tarehe 16 Julai, siku nne kabla ya safari ya tatu. Mueni alizikuta pakiti thelathini na moja katika mfuko wa koti la safari, pamoja na tiketi. Mzee alikuwa anaziweka kwa ajili ya uwanja wa ndege, asije akakohoa tena.

Tarehe 24 alipita uwanja ule ule, ndani ya jeneza. Hakuna aliyemzuia.

Ameacha mjane, Felisia. Watoto wawili, Mueni na Lucas. Na wajukuu watano.

Apumzike nyumbani, kwa amani, kifua kikiwa kimetulia.