Karafuu Zilizoachwa Mtini

Barza yetu ya Madungu, kisiwani Pemba, ina birika la kahawa na watu wenye jibu la kila kitu. Mwaka wa hamsini na tisa, bei ya karafuu ilipoanguka, majibu yalizidi. Mzee Nassor, mwenye mikarafuu sabini Gombani, alitangaza asubuhi ile kwamba hachumi, kwani bei haifikii hata ujira wa wachumaji. Shaame, mchumaji wake wa miaka kumi, tuliyemwita Ngazi, alikaa pembeni na kikombe kitupu. Msimu ule alikuwa hajapanda hata mti mmoja, na kwake walikula muhogo mkavu asubuhi na jioni. Nilimwonea huruma, lakini sikuwa na kazi ya kumpa.

— Haya yametoka kisiwa cha Jawa, alisema Jaribu, tuliyemwita Redio. Wao wakinunua zetu wakatia kwenye sigara. Sasa wamepanda zao.

— Wapi! alisema Kificho, fundi cherehani. Madaktari wamewakataza sigara. Wakikohoa mno.

— Ushafika Jawa weye?

— Kwani lazima nifike? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wajawa wamesikia, guu limevunjika letu.

— Basi hamjui nyote, alisema Redio. Wazungu wamezua meno ya bandia. Jino la bandia haliumi, na lisilouma halitiwi karafuu. Bei itasimamaje?

Tukalipima hilo. Lilitukaa akilini, Mungu atusamehe.

— Mchumia juani hulia kivulini, Mzee Nassor alimliwaza Shaame. Subiri mwakani.

— Kivulini nishakaa, Mzee. Chakula ndo sikioni.

Hapo akaja Mwatum, mke wa Shaame, na pakacha tupu mkononi. Akasimama kando.

— Asalaam alaykum. Shikamoo, Mzee Nassor.

— Waalaykum salaam. Marahaba, mwanangu.

— Mpeta bado ni wetu sie?

Pemba nzima yajua: karafuu iliyoanguka chini ya mti ni mpeta, na mpeta ni wa mwenye kuokota. Mwenye shamba hagombi.

— Wenu, tangu enzi za babu zetu.

— Na mwaka huu huchumi. Zitaanguka zote.

— Zitaanguka.

— Basi Shaame akipanda akatikisa tawi, zikaanguka leo badala ya kesho, za nani?

  

Shaame alikuwa keshasimama, pakacha la mkewe mkononi.