Mwalimu Melkiori, Alama za Mtajo na Baba Yangu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Melkiori anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Kiswahili, kwanza Kisarawe na kisha hapa kwetu Kibaha. Ilipoulizwa nani aandike wasifu wake, walimu wote wa idara walikumbuka ghafla kwamba wana vipindi. Nikabaki mimi, Mboni, ambaye nina sababu ya kifamilia.

Kila mwaka, somo la alama za mtajo, zile za kufungua na kufunga maneno ya msemaji, likifika, Mwalimu huanza na mfano wa mtu aliyeharibu, naye ni yeye mwenyewe.

"Msimtafute mjinga mbali," huwaambia kidato cha kwanza. "Amesimama mbele yenu, ameshika chaki."

Alikuwa mgeni kazini. Katika kikao cha wazazi kule Kisarawe, mzazi mmoja, Mwinyijuma, alimtukana baba yangu, Mzee Zahoro wa kijiji cha Vihingo. Mwalimu aliandika taarifa ya kikao kwa haraka ya kuwahi chakula, akaibandika ubaoni: Mzee Zahoro alisema Mwinyijuma ni mlevi hafai kuongoza kamati.

Aliyetukanwa akawa mtukanaji. Ndugu wa Mwinyijuma walifika nyumbani wakitaka waombwe radhi. Baba, ambaye hajawahi kuonja pombe wala kumtusi mtu, aliniachisha shule siku hiyo hiyo.

"Shule isiyojua nani kasema nini," alisema, "itamfundisha nini mwanangu?"

Mwalimu alikuja Vihingo kwa miguu, shati limelowa jasho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu nisomee hiyo karatasi yako." Akasomewa. "Hapo mimi ndiye niliyetukana?"

"Hapana, mzee. Ni Mwinyijuma. Nilisahau alama tu."

"Hizo alama zikoje?"

Mwalimu aliokota kijiti, akaiandika sentensi upya mchangani: "Mzee Zahoro," alisema Mwinyijuma, "ni mlevi, hafai kuongoza kamati."

Baba aliinama, akazifuata alama kwa kidole.

"Yaani nimekosana na ukoo mzima kwa ajili ya vitu kama mayai ya chawa?"

"Ndiyo, mzee. Na aliyevisahau ana shahada."

Mama alicheka kwanza. Baba alijitahidi kununa, akashindwa. Lakini alitoa sharti: jambo lililoharibika hadharani litengenezwe hadharani. Basi kikao kilichofuata Mwalimu alisimama mbele ya wazazi, akaandika sentensi ile ubaoni, akaweka alama moja baada ya nyingine, akasema, "Mwenye kosa la kuandika ni mimi." Kosa la kutukana likabaki na mwenyewe. Mwinyijuma alijikuna kichwa, akavuka ukumbi, akampa baba mkono. Kesho yake nilirudi darasani.

Hapa Kibaha amefundisha wengi, mimi nikiwa mwenzake wa dawati katika ofisi ya walimu kwa miaka kumi na miwili. Mwanafunzi wake Ashrafu aliposahau kufunga alama katika insha, Mwalimu alimwandikia kwa wino mwekundu: "Shangazi yako anaongea tangu ukurasa wa kwanza. Mpumzishe." Tukimsifu kwa matokeo mazuri ya mitihani, hujibu kwamba wanafunzi wamefaulu kwa kumkwepa.

Mwaka jana baba aliugua. Tulipomuuliza nani angependa aandike wasifu wake siku ikifika, hakusita.

"Aandike Melkiori. Makosa yake yote alishayamalizia kwangu."

Mwalimu aliusoma siku ya mazishi, nyumbani kwetu Vihingo. Mzee Mwinyijuma alikaa mkekani, mbele kabisa. Kila yalipofika maneno ya baba mwenyewe, aliitikia kwa kichwa na kusema, "Ndivyo alivyosema. Ndivyo hasa."

Mwalimu Melkiori, sasa unakwenda Mlandizi kufuga kuku, viumbe wasiohitaji kunukuliwa. Idara inakushukuru, na familia ya Mzee Zahoro inakushukuru. Mungu akupe afya, mvua za kutosha na usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele. Maisha mema, Mwalimu wetu.