Legelege na Imara

Kila siku saa tisa, benchi la nyuma ya maabara katika mji wa Mölndal hukaliwa na watu walewale watatu. Gunvor wanamwita Fundo, maana kazi yake ni kuzifunga molekuli za dawa zikae imara. Torsten ni Utumbo, hupima kama dawa itapita tumboni. Sixten ni Mzee wa Kesho, kila tatizo analipeleka kesho. Leo chupa ya kahawa ilizunguka upesi. Saa kumi Gunvor anaingia kikaoni kuchagua dawa moja kati ya mbili, na akikosea, kazi yake ya miaka tisa inafungwa.

Ya kwanza, legelege, ilipita utumbo vizuri lakini nguvu zake hafifu. Ya pili Gunvor aliifunga mwenyewe, ncha kwa ncha, ikawa pete. Ikatulia, nguvu ikapanda mara arobaini, ila utumboni ikagoma. Aliipenda pete ile, na hilo ndilo lililomtia hofu.

— Umeikaza mno, Fundo, Torsten alisema. Legelege ikifika kwenye ukuta wa utumbo inajikunja, inaficha sehemu zinazopenda maji, inateleza kwenye mafuta ya ukuta huo. Yako imetanua mikono mlangoni.

— Na yako ikishapita inachezacheza tu, Gunvor alijibu, haitulii pale inapotakiwa kushika.

— Bora inayocheza damuni kuliko imara iliyoishia chooni.

Sixten akashauri pete ifungwe kwa uzi unaokatika damuni. Alipobanwa aseme uzi huo uko wapi, akasema basi utumbo wenyewe ufundishwe adabu. Hata Gunvor alicheka, kicheko kifupi.

Ylva, mwosha vyombo vya maabara aliyeanza kazi Jumatatu, alisimama na kikombe chake akiitazama karatasi yenye picha ya molekuli ya pete iliyokuwa magotini kwa Gunvor.

— Picha hii mliipataje?

— Ikiwa imeganda ndani ya fuwele, kama punje ya chumvi, Gunvor alimjibu. Imeshikwa, haitikisiki.

— Sawa. Na ikiwa inapita ukutani, inakaaje? Hiyo ya kujikunja, nani ameiona?

Torsten alikiri kwamba hakuna. Sixten akachungulia chupa; kahawa ilikuwa imekwisha. Miezi minne walikuwa wamegombania kitu walichokiona kikiwa kimelala tu, na Gunvor aliona aibu mpaka masikio yake yakawaka.

Zilibaki dakika saba kufika saa kumi. Aliigeuza karatasi, akatoa kalamu.

— Rudia polepole, Ylva. Nataka wa kikaoni walisikie hilo swali kabla hawajanifungia kazi.